Mfuko Mkavu

Mgonjwa alikuwa amemkaba koo daktari wa utafiti wa virusi kwa mikono miwili, na macho ya daktari yalikuwa yamemtoka pima.

"Mchome sindano ya usingizi, nesi!" mke wa mgonjwa alipiga kelele. "Virusi vimempanda kichwani! Huyu hata mende huwa anamwomba radhi!"

Nesi aliinua sindano, ndipo akauona mfuko wa mkojo: mkavu kau. Mpira wake wa kupitishia mkojo ulikuwa umebanwa na gurudumu la kitanda, na tumbo la mgonjwa limevimba kama ngoma kwa mkojo uliokwama. Tangu asubuhi yeye na daktari walikuwa wakijaza fomu za kichaa cha virusi, na hakuna aliyeinama kutazama chini ya kitanda.

Akaitupa sindano, akakisukuma kitanda kwa bega.

"Unatuulia daktari!" mke alilia.

Mkojo ukaanza kushuka. Kidole kimoja kikalegea shingoni. Vilibaki tisa.