Mkasi wa Utepe

Soipan alikuwa ameshika mkasi, tayari kukata utepe wa kisima alichowachimbia watu wa kwao Kisaju, ng'ombe walipofika kwenye seng'enge wakasimama.

Walikuwa wamenusa maji. Wakasukumana, na jike wa mbele akapenyeza shingo katikati ya nyaya, kengele yake ikigonga nguzo.

"Nani ameziba njia ya ng'ombe?" Soipan aliuliza kwa ukali.

Mama yake akacheka bila furaha. "Unatuuliza sisi? Kibao ndicho hicho. Soma, wewe uliyesomeshwa na ng'ombe."

Akasoma. Lilikuwa jina la mfuko wa uwekezaji anaousimamia Nairobi. Shamba hilo la ndani ya seng'enge aliununulia mfuko yeye mwenyewe akiwa ofisini, akitazama ramani na bei tu, na faida ya mfuko huohuo ndiyo iliyochimba kisima. Ramani haikuonyesha mapito ya mifugo.

"Nitaomba bodi waweke geti," alisema. "Watakutana Januari."

"Januari."

"Yeyo," alimwambia mama yake, "hiyo si mali yangu. Nikigusa hiyo waya bila ruhusa, watanifuta kazi."

"Sawa, mwanangu. Basi waambie hawa wangoje bodi."

Wazee waliokuja kwenye sherehe wakaangua kicheko. Yule jike alijaribu kurudi nyuma, akanaswa. Damu ikamchuruzika shingoni, nyembamba na nyekundu kama utepe ule.

Soipan akauweka mkasi juu ya kiti cha wageni.

"Fundi," alimwita mtu wa pampu, "uko na koleo la kukatia waya?"