Mume Yuko Nyumba ya Tatu

Bangili za afya tunazovaa mtaa mzima zilimhamishia mume wangu, Shebe, nyumba ya tatu, akale na Mzee Mbarak, aliyekuwa hali chakula tangu afiwe na mkewe. Wiki mbili tu, zikasema. Huu mwezi wa nne, na mimi bado nampelekea mashati yaliyopigwa pasi.

Nikamwendea nesi wa mtaa. "Nionyeshe anayepanga haya, nimpashe."

"Hakuna anayepanga, dada. Bangili zetu zinapatana zenyewe."

"Basi zipatane kumrudisha. Mzee siku hizi ana kitambi."

Nesi akaisoma bangili yangu, akashusha sauti. "Mzee alipona zamani. Shebe anawekwa kule kwa ajili yako. Tangu aondoke, presha yako imeshuka."

Nikafungua mdomo nibishe, nikakumbuka ninavyolala vizuri siku hizi.