Kifaranga Aliyekuwa Akirudi

Vitabu vya siku hizi husikiliza moyo wa mtoto. Mtoto akikaribia kulia, hadithi hugeuka yenyewe. Binti yangu Zawena ana miaka mitano na hajawahi kulizwa na kitabu, na hilo lilikuwa likiniudhi.

Jana, kwa muuza karanga pale Makorora, nilikuta kitabu cha karatasi ambacho alikuwa bado hajaanza kukichana afungie karanga zake. Nilikitambua kabla sijakigusa. Marehemu mama alikuwa akinisomea hicho hicho kila jioni, uji wa ulezi ukipoa pembeni: kifaranga anapotea mvuani, mwewe anamzengea, asubuhi anarudi kwa mama yake.

"Hiki hakibadiliki," nilimwambia Zawena nikimpakata. "Utasikia yale yale niliyosomewa na bibi yako."

Nikamsomea hadi pale mwewe anapomzengea kifaranga, kisha nikafunua ukurasa wa mwisho. Palikuwa pameandikwa kwamba mwewe alimchukua kifaranga, na mama kuku akaita mpaka sauti ikamkauka.

Nikarudia kimoyomoyo. Kumbe mama alikuwa akinidanganya jioni zote zile, bila sauti yake kutetereka hata kidogo.

Zawena akaweka kiganja juu ya karatasi, kama wafanyavyo watoto wote wakisubiri hadithi igeuke. Machozi yalishamlengalenga.

"Mama, mbona hiki hakinisikii?"

"Kinakusikia, mwanangu," nikasema, na sauti yangu haikutetereka. "Asubuhi yake, kifaranga akarudi."