Mvua ya Jumapili

Kijiko kilimponyoka Mzee Tormod aliposikia kwamba kompyuta imelikataa daftari lake.

"Imelikataa? Miaka arobaini na minane napima mvua ya Sgarabost. Hiyo kompyuta yako ina umri gani?"

"Miezi saba, Mzee," Eilidh alijibu.

"Basi ingeanza kwa kuniamkia."

Mkewe, Peigi, alicheka ndani ya aproni. Eilidh hakucheka. Alitoka chuo kikuu, na kazi yake ilikuwa kuifundisha kompyuta ichore ramani ya joto na mvua ya kisiwa kizima cha Lewis, muongo baada ya muongo, kwa kujifunza kutoka kwenye takwimu za wapimaji wa vijijini. Ramani ikikamilika, halmashauri ingeitumia kuchagua ni milima ipi ichimbiwe mifereji kabla udongo haujaporomoka.

Juu ya shule ya Sgarabost, yenye watoto kumi na tisa, mlima ulikuwa umeshapasuka. Ufa wake ulitosha kummeza kondoo, na mmoja ulikwisha kummeza. Bila vipimo vya Tormod, kompyuta ingekisia kwa mvua ya pwani, ambayo ni nusu tu ya ile ya mlimani, na kijiji kingechorwa kikavu na salama.

"Inataka angalau siku tatu za kuaminika kwa kila wiki," alisema Eilidh. "Imelinganisha na vituo jirani, ikaona Jumapili zako hazifanani kabisa na siku nyingine. Sasa..."

"Jumapili?" Tormod alisimama wima. Alikuwa mzee wa kanisa, katika kijiji ambacho Jumapili hata soksi haianikwi. Yeye mwenyewe humfunika jogoo kwa kapu tangu Jumamosi jioni, asije akawapanda kuku siku ya Bwana. "Sikiliza, binti. Jumapili mimi sikigusi kile chombo cha mvua kule mlimani! Nafasi zake ni tupu!"

"Si tupu, Mzee."

Eilidh alimgeuzia skrini. Fomu baada ya fomu alizonakili kutoka daftarini mwake, mwaka baada ya mwaka, kila Jumapili ilikuwa na namba yake, kwa wino wa buluu. Tormod hutumia mweusi.

Wote wawili walimgeukia Peigi, ambaye Jumapili hubaki nyumbani kwa sababu ya miguu inayouma, na ambaye kila mwisho wa mwezi ndiye hupeleka fomu posta.

Peigi alifungua kopo la biskuti. Akatoa kijitabu kilichovimba kwa unyevu, kurasa zimejikunja kama majani ya kabichi, akakiweka kando ya daftari la mumewe, lililokuwa safi na nyoofu kama kitabu cha nyimbo.

"Jumamosi mchana ukienda mjini, napanda mlimani kumwaga maji ya wiki nzima," alisema. "Jumapili mchana, ukiwa kanisani, napanda tena kusoma. Mwisho wa mwezi nakujazia nafasi zako."

"Unapanda kwa miguu ipi? Si inauma?"

"Inauma ikikaa saa mbili kwenye lile benchi lenu. Mlimani haina neno, Bwana Mzee wa Kanisa."

Tormod aliketi taratibu, kama mtu anayeshushwa kaburini. Dhambi ya miaka arobaini na minane, ndani ya nyumba yake, kwa wino wa buluu! Kusanyiko likisikia, atavuliwa uzee kabla ya zaburi ya pili.

Kengele ya shule ililia. Sauti za watoto zilimwagika uwanjani, chini ya ule ufa.

Ghafla uso wa Tormod ukachangamka.

"Basi zifute!" alisema. "Futa Jumapili zote. Haramu yake ndiyo iliyotia doa kazi yangu. Zinabaki siku sita kila wiki, na hiyo kompyuta inataka tatu tu. Watoto wamepona, binti! Bonyeza!"

Peigi alianza kukusanya vikombe, bila kumtazama mtu.

Eilidh hakubonyeza kitu.

"Hukuniacha nimalize, Mzee," alisema. "Ilizozikubali ni hizo Jumapili tu."