Viriba vya Nyuzi za Mgomba

Nasemba alifika kitaluni akakuta viriba vyake vya kuoteshea miche vimefuliwa na kuanikwa kambani. Alikuwa amevifuma kwa nyuzi za mgomba ili vipandwe pamoja na miche, aone kama mizizi itavipenya na vyenyewe viozee ardhini.

"Miche yote nimeivua viriba ndipo nikaipanda, mwanangu," alisema Bi Tunu, mtunza kitalu, akitabasamu. "Vitu vizuri hivi, nivifukie?"

Nasemba alivitazama viriba vitupu kambani. Jaribio la msimu mzima limepotea!

"Ila mche huu mmoja umenishinda kuuvua. Mkaidi kama marehemu mume wangu," aliongeza Bi Tunu, akimnyooshea mche huo.

Nasemba akaupokea. Mizizi myeupe ilikuwa imechomoza kiribani kila upande, ikitafuta udongo. Akacheka, akapiga magoti, na Bi Tunu akaanza kuuchimbia mche shimo, kiriba na vyote.