Mikono ya Mama Mifupa

Mfupa ulipopimwa mara ya tatu, walimkataza hata kuingia chumbani. Mama Mifupa alisimama nyuma ya kioo, akamtazama mkaguzi akivaa glavu, barakoa na kofia, kisha akiukata ule mfupa wa paja kipande kidogo kama ukucha.

"Anakata vizuri?" aliuliza mkuu wa maabara.

"Vizuri. Ila mimi ningeanzia juu."

"Wewe tumekukataza kuanzia popote, mama."

Hakucheka. Mfupa ulikuwa wa kijana wa kiume asiyejulikana, ulioonekana mto ulipokauka. Mama Mifupa alipoupima mara ya kwanza, kompyuta ilitoa tahadhari: vinasaba vya mtumishi. Vya watumishi wote vilihifadhiwa humo, ili mtu akipiga chafya juu ya sampuli ijulikane chafya ni ya nani. Jina lililotokea lilikuwa lake. Mara ya pili alivaa glavu mbili mbili na kupumua kwa kuiba. Likatokea lilelile.

Majibu yenyewe hakuonyeshwa. Ndiyo kanuni: anayetuhumiwa hajikagui. Aliyepaswa kuyasoma ni bingwa mwenzake, lakini huyo alistaafu, na kiti chake kikabaki cha kutundikia makoti. Mkuu, aliyehamishwa kutoka idara ya ununuzi, alisoma neno tahadhari akaishia hapo. Akampeleka Mama Mifupa kwenye mafunzo upya.

Basi yeye aliyewafundisha wote akaketi mstari wa mbele kufundishwa kunawa mikono.

"Shikamoo, mwalimu," walimtania. "Leo na wewe umo?"

"Marahaba. Mgema kasifiwa, tembo katia maji."

Walicheka, naye akatabasamu. Usiku hakulala. Ikithibitika kuwa anachafua sampuli, kufukuzwa kazi lingekuwa jambo dogo. Kesi zake zote zingefunguliwa upya. Akina mama aliowarudishia mifupa ya watoto wao wangeambiwa huenda walimzika mgeni.

Mkuu alitaka yaishe kimyakimya. "Huu mmoja tuuweke kabatini, mama. Hakuna anayeuulizia."

"Mfupa una mama yake, mkuu. Huko aliko anasubiri. Mwite mkaguzi wa nje."

Ndipo mkaguzi akaitwa, na sasa alikuwa mle ndani, nyuma ya kioo, akiweka kipande mashineni. Simu ikatetemeka mfukoni mwa Mama Mifupa. Ni mdogo wake, aliyepiga kila siku na swali lilelile.

"Dada, kitinda mimba wako kapiga?"

"Bado kaninunia." Kijana huyo alikuwa ameacha chuo. Waligombana, akabeba begi akaenda kutafuta kazi mji mwingine. Tangu hapo simu yake haikupatikana.

"Mwaka mzima wa kununa? Mbishi kama wewe!"

"Wenzake huchukua nusu kwa mama. Huyu ubishi kaubeba wote."

Mdogo wake alicheka peke yake. "Atapiga, dada."

"Atapiga."

Majibu yalitoka alasiri. Mkaguzi alikuja nayo mwenyewe, barakoa ikining'inia kwenye sikio moja, akaufunga mlango wa ofisi taratibu.

"Mama, mikono yako ni safi. Haikuwahi kuchafua kitu."

"Si nilisema!" Mkuu alipiga meza, ingawa hakuwahi kusema. "Basi kompyuta ndiyo mbovu."

"Si mbovu. Jina lake limetokea tena, na mfupa hakuugusa."

"Sasa limetokaje?"

Mkaguzi alivuta kiti, akaketi karibu na Mama Mifupa, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Mtu akichafua sampuli, vinasaba vyake huonekana vyote," alisema polepole. "Humu vya kwako ni nusu, mama. Nusu ileile, mara zote tatu. Samahani. Hapakuwa na mtu wa kukusomea majibu."

Mkuu alikuwa ameshanyoosha mkono kumpongeza. Mkono ukabaki hewani.

Mama Mifupa aliinuka, akaingia kile chumba alichokatazwa. Pale mlangoni alikipita kisanduku cha glavu. Akauchukua mfupa kwa mikono mitupu, akaketi sakafuni, akaupakata.