Nyimbo Zilizozunguka Mtaa

Je, sauti ya marehemu yaweza kufa mara ya pili? Mwanakheri alijiuliza hivyo sebuleni kwao. Kirusi kilikuwa kimeharibu faili zote katika kompyuta ya nyumbani, zikiwemo nyimbo za kubembelezea watoto alizorekodi mama yake kabla ya kufariki. Kiliingia kwa flashi ya picha za harusi, ambayo kwa desturi ya mtaa huzungushwa nyumba kwa nyumba.

“Mashine itapona,” alisema fundi Shekue, “ila lazima nifute kila kitu.”

“Nyimbo za wifi yangu?” aliuliza shangazi yake Mwanakheri, Bi Saumu, aliyeileta flashi hiyo. “Mbona ninazo? Alizitia katika flashi ya harusi ya mwaka juzi, zikazunguka mtaa mzima.”

Akabonyeza simu yake. Sauti ya mama ikajaa sebuleni, pamoja na kikohozi chake kabla ya ubeti wa pili.

“Shangazi, siku zote tatu tangu kirusi kiingie ulikuwa umenyamaza?”

“Ulikuwa umeninunia, mwanangu. Ningemwambia nani?”

Mwanakheri akacheka huku akijipangusa machozi.

“Futa, fundi,” alisema. “Nawe shangazi, kesho tutazipeleka nyimbo hizi katika kila nyumba yenye mtoto mchanga.”